Chaza wa Amana

Mume wangu Ebenyo ni fundi wa friji, na mimi nasema friji ndizo zilizomfanya awe mkaidi. Ukimwambia kitu kimekufa, atakuuliza kimefia wapi: kwenye gesi, kwenye waya, au ni mwenyewe aliyekipiga teke. Sijawahi kumsikia akisema kitu kimeisha kabla hajakifungua hadi skrubu ya mwisho. Hata chapati ikiungua anaigeuza aone moto ulipita upande gani. Mimi sina uvumilivu huo. Mimi kitu kikiharibika nakasirika kwanza, kufikiri kunakuja baadaye.

Alizaliwa upande wa Lokori katikati ya mbuzi wa baba yake, na angekuwa anachunga mpaka leo kama ukame haungewamaliza wale mbuzi. Akaenda Lokichoggio, enzi zile ndege za misaada zilikuwa nyingi kama nzi kwenye kibuyu cha maziwa. Alianza kwa kubeba magunia, akaishia kushika bisibisi kwenye friji za chanjo. Ndege zilipopungua akashuka Kakuma, akafungua karakana ya mabati kando ya barabara. Hapo ndipo nilipompata, ama yeye ndiye aliyenipata, inategemea unamuuliza nani. Nauza chai na chapati mbele ya mlango wake, kwa hiyo hakuna kinachoingia mle nisichokiona.

Bahari nayo niliiona ikiingia. Ilikuja kwenye mkokoteni, ndani ya sanduku la kioo, inasukumwa na Gatkuoth, na maji yanamwagika kila tairi likigonga jiwe. Gatkuoth ni Mnuer wa kule kambi ya wakimbizi, mrefu hadi anainama kwenye kila mlango wa Kakuma, na alikuwa akifanya kazi ya umeme pamoja na Ebenyo. Kulikuwa na mzungu mmoja wa visima aliyekaa hapa miaka mingi na hilo sanduku nyumbani kwake. Kila akienda likizo Gatkuoth ndiye aliyekuwa akiliangalia. Kazi ya mzungu ilipoisha akamwachia lote, na taa zake na pampu zake na ndoo za chumvi. Kule kambini kwa Gatkuoth umeme ni wa kubahatisha, lakini karakana yetu ina sola. Basi bahari ikaja kukaa kwetu, kati ya friji mbovu mbili.

Mimi sijafika Mombasa. Bahari nilikuwa naijua kwa jina tu, kama ninavyojua theluji. Nikaacha chapati zangu nikaingia kutazama. Mle ndani mlikuwa na mawe ambayo Gatkuoth alisema yana uhai, na katikati ya mawe kulikuwa na chaza. Ganda lake linajaa viganja viwili, limekunjamana, na kati ya ganda na ganda mnatokea midomo minene ya buluu na kijani yenye madoadoa. Nimeona vitenge vingi sokoni na sijaona kilichofikia rangi ile.

"Uso wake uko wapi?" nikamuuliza Gatkuoth.

"Hana uso."

"Sasa anaona na nini?"

"Unaona hizi nukta kando ya mdomo? Zote hizi ni macho."

Nikainama. Nukta zilikuwa nyingi, zimejipanga kufuata ukingo wa mdomo. Nikasogeza mkono juu ya maji ili nione vizuri, na kivuli cha mkono wangu kilipompita, yule chaza akajifunga chap. Nikaruka nyuma. Ebenyo alicheka hadi akashika friji. Baada ya muda chaza akafunguka tena polepole, akitandaza midomo yake kama mwanamke anayetandaza shuka, nami nikapitisha mkono tena. Siku ile wateja walijimiminia chai wenyewe.

"Na anakula nini?"

"Mzungu alisema tusimpe kitu," Gatkuoth akajibu. "Maji yawe safi, chumvi ipimwe, taa iwake mchana. Basi."

"Mnyama gani hali?"

Hakujua, na Ebenyo hakujua. Mama mkwe wangu, ambaye huja kutoka kijijini kutukagua, aliposikia hivyo akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema kiumbe kisichokula ndicho kingefaa kuolewa katika ukoo wao. Nilimwekea chai bila sukari.

Kusema kweli, kulea bahari katikati ya Kakuma si mchezo. Joto letu mnalijua. Maji yanapaa kutoka kwenye kioo kama yameitwa, lakini chumvi haipai, inabaki chini inazidi kukolea. Kwa hiyo kila asubuhi Ebenyo anaongeza maji matamu yaliyochujwa kwa mashine, na wala si ya chumvi. Nilibishana naye sana kuhusu jambo hilo mpaka aliponichemshia maji ya chumvi kwenye sufuria, yakakauka, akanilambisha kilichobaki. Kwa ajili ya joto alichukua mashine ya maji baridi iliyotupwa na ofisi fulani, akaipasua, akaiunga na sanduku kwa mipira. Maji ya bahari yakawa yanazunguka na kupoa. Watu walikuja kuona. Wengine waliagiza chai kwa aibu.

Halafu Gatkuoth akaondoka. Mama yake alikuwa amebaki upande wa Nasir huko Sudan Kusini, na tangu mapigano yarudi kule simu ya jirani aliyekuwa akimpigia ilikuwa imezimika. Akasema anavuka mpaka pale Nadapal aende kumtafuta. Kabla ya kwenda alikuja karakana, akasimama mbele ya kioo, akamwambia Ebenyo, "Ndugu yangu, huyu sikupi. Nakuwekea. Nitakuja kumuuliza."

"Utamkuta," Ebenyo akasema.

Niseme maana ya maneno hayo, kwa sababu mtu wa mjini anaweza kuyaona madogo. Sisi Waturkana tuna desturi ya kuweka mnyama kwa rafiki, na kumbe Wanuer nao wanayo. Ukiwekewa mbuzi au ng'ombe, humchinji, humuuzi. Unamlisha pamoja na wako, na mwenyewe akija hata baada ya miaka, unamtoa. Na akifa, hutupi. Unahifadhi ngozi yake na masikio yake yenye alama, ili mwenyewe akija umtandazie aone kwa macho yake: mnyama wako alikufa kweli, sikumla, sikumficha. Bila ngozi hakuna neno lako litakaloaminika. Aliyewekewa mnyama ameshikwa, na aliyeweka pia ameshikwa, kwa sababu lazima arudi.

Aliyeyashika maneno hayo kuliko sisi sote ni Nyaruach, dada mkubwa wa Gatkuoth. Anaishi kambini, anadarizi yale mashuka ya maua ambayo wanawake wa Sudan Kusini hutandika kitandani siku za wageni. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kwangu, akanywa chai ya maziwa, kisha akaingia kumtazama chaza. Anapitisha mkono juu ya maji, chaza anajifunga, naye anatabasamu.

"Mtu hawezi kuweka mnyama wake kwa watu halafu apotee," aliniambia. "Simu yake haishiki, sawa. Lakini hii ikiishi, ndugu yangu anaishi."

Nilitaka kumwambia kwamba mambo hayaendi hivyo. Nilimeza ulimi wangu, jambo ambalo hunitokea mara chache. Alikuwa na mama asiyejulikana alipo, na mdogo wake amekwenda kumfuata huko huko. Ukimnyang'anya na chaza unamwachia nini?

Alinisimulia sana juu ya huyo mama. Jinsi alivyokuwa akiimbia ng'ombe wakati wa kukamua. Jinsi alivyovishwa bangili ya shaba akiwa msichana, mkono ukanenepa, bangili ikabaki. "Tulikuwa tunampaka sabuni, tunavuta," Nyaruach akasema, akicheka. "Haitoki. Anatuambia, wacheni, hii nitazikwa nayo."

Basi mwezi wa Februari, mchana mmoja, pampu ya mashine ya kupoza ikakwama. Ebenyo alikuwa zahanati kutengeneza friji, mimi nilikuwa na wateja, na ile pampu haina mdomo wa kuita. Aliporudi na kutia mkono kwenye maji, yalikuwa ya kuogea mtoto. Chaza alikuwa amejiachia wazi, kama mbuzi anayehema kwa kiu. Ebenyo alifanya kazi ile kama mtu anayezima moto. Magunia mabichi kuzunguka kioo, feni juu, pampu ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudi. Kufikia magharibi maji yalikuwa yamepoa vizuri. Chaza hakurudi vizuri. Nilipitisha mkono wangu juu yake na hakujifunga.

Hapo ndipo Ebenyo alipofanya kile ambacho mtu yeyote wa Turkana angefanya. Alimpeleka mgonjwa kivulini. Alisema zile taa nazo ni jua, na jua ndilo lililompiga. Akazima moja, na iliyobaki akaifunika chini yake kwa mkeka wa majani ya mkoma, mnene, uliofumwa na mama yake. Mle ndani mkawa na giza, mmetulia, maji baridi. Ungetamani kuingia ulale. Na nani angembishia? Hapa kwetu jua ndilo linaloua. Mbuzi akilemewa, kivuli. Mtoto akipata homa, kivuli. Hata mzee akigombana na mkewe, tunamwambia akakae kivulini kwanza.

Siku zikapita na chaza akazidi kuisha. Midomo ilirudi ndani, na rangi ikaanza kuondoka. Buluu iligeuka kijivu, kijivu kikageuka cheupe, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ebenyo alipima chumvi, akapima joto, akabadilisha maji. Alifungua pampu ambayo haikuwa na kosa na kuifunga tena. Kila alipoona cheupe kimeongezeka, alikaza kivuli. Akaongeza gunia juu ya mkeka.

Washauri hawakukosekana. Mzee Lopeyok, jirani yetu mwenye ng'ombe, alitazama kwa muda mrefu, akasema ng'ombe wa namna hiyo yeye angemchoma chuma cha moto mgongoni, kwenye ganda pale, mistari miwili. Mama mkwe alikuja akiwa tayari ameshatafuna tumbaku yake, amejaza shavu, akamkaribia chaza ili amtemee baraka kama anavyowatemea wajukuu. Nilimdaka mkono.

"Mama, hapana. Tumbaku itamuua."

Alinitazama kwa hasira na mashavu yamejaa, hawezi kusema. Ikabidi atoke nje akabariki mtungi wangu wa maji. Niliosha mtungi huo mara mbili.

Jumapili Nyaruach akaja. Ebenyo alimwona kwa mbali, akaingia nyuma ya friji kubwa akajifanya anatafuta spana, mwanaume mzima. Nikamwambia Nyaruach chaza amelala. Hakunisikiliza. Aliondoa gunia, akafunua pembe ya mkeka, akatazama kile cheupe. Kisha akapitisha mkono wake juu ya maji, mara moja, mara ya pili, akaushikilia pale pale. Chaza hakutikisika. Nyaruach akarudisha mkeka, akaunyoosha vizuri kama anayefunika mtu, akaenda. Chai yake aliiacha nzima. Jumapili iliyofuata hakuja.

Usiku wa Jumapili hiyo Ebenyo hakula. Akaniambia ameshapanga kwamba chaza akifa atalisafisha ganda, atalihifadhi ndani ya kitambaa, kwa sababu ndiyo ngozi yake. "Gatkuoth akija nitamtandazia."

"Na Nyaruach utamtandazia nini?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Wiki hiyo aliitwa Lodwar kutengeneza friji ya chanjo za mifugo. Daktari wa mifugo wa pale ni Nangiro, ambaye nilisoma naye darasa moja na tulikuwa tukiiba naye mabuyu. Nikafunga kibanda nikaenda pia. Ebenyo aliona aibu kumuuliza daktari wa ng'ombe habari za chaza. Mimi sina aibu hiyo. Ebenyo akiwa amelala chini ya friji, nilimpa Nangiro simu yangu aone picha.

"Ejok, Abei," akasema, kama tunavyosalimiana Kiturkana, "hiki ni nini?"

"Mnyama. Mgonjwa. Usicheke."

Alicheka kidogo, kisha akaacha, akaikuza picha kwa vidole. "Mimi vitu vya baharini sivijui," akasema. "Lakini nitakuuliza kama ninavyowauliza wenye mbuzi. Anakula nini?"

"Hali."

"Hakuna kisichokula. Tangu augue mmebadilisha nini?"

Ebenyo akatoa kichwa chini ya friji. "Nimemwekea kivuli."

"Na kabla ya hapo alikuwa anakaa wapi?"

"Chini ya taa."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

Nangiro akafikiri. Akasema anaye mwenzake wa chuo aliyeingilia mambo ya samaki, yuko Kilifi, akampigia na kuweka sauti ya juu. Yule mtu alituuliza tuko wapi. Tulipomwambia Turkana aliuliza tena tuko wapi. Kisha akamsikiliza Ebenyo hadi mwisho.

"Sasa ndugu yangu," akasema, "huyo hafi kwa jua. Yuafa kwa kiza."

Akatueleza. Ile midomo ya chaza, zile rangi, ndani yake mnaishi majani madogo mno yasiyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu. Majani hayo yanapata mwanga, yanatengeneza chakula, na chaza anakula kutoka kwao. Ndiyo maana anajitandaza taa ikiwaka. Joto lilipozidi majani yalianza kumtoka, ndiyo ule weupe. Yaliyobaki yangeweza kuzaana tena, lakini sisi tukayafungia mlango.

Niliketi kwenye ndoo iliyokuwa karibu. Nimezaliwa na wachungaji, nimeona watu wakitembea na mifugo kutoka hapa hadi Uganda kutafuta majani, watu wamepigana na kuuana kwa ajili ya majani, na kumbe Mungu alishamuumba mnyama mwenye malisho yake mdomoni. Hahami, hagombani na mtu. Anafungua mdomo jua limchungie. Nilimuuliza yule mtu wa Kilifi maswali mengi hadi Nangiro akaanza kuangalia salio la simu yake. Wanazaliwa na majani hayo? Hapana, wanayaokota majini wakiwa wadogo. Na usiku? Usiku wanangoja.

Ebenyo aliuliza swali moja tu. "Nikiwasha taa zote leo?"

"Usithubutu. Amedhoofu, utamuunguza. Mrudishie kidogo kidogo."

Hilo halikuhitaji maelezo. Kila mtu hapa ameona mbuzi waliotoka kwenye njaa wakiingia kwenye majani mabichi ya mvua ya kwanza, wakala kwa pupa, wakavimba, wakafa wameshiba. Tulipokuwa tunarudi Kakuma Ebenyo alipakata sanduku lake la spana njia nzima. Kisha akasema, "Nilimfunga njaa, Abei. Kila akikonda namwongezea njaa nyingine juu."

Niliona uchungu wake na nikamshika mkono, mbele ya watu.

Sasa, zile taa za mzungu zinajua mawili tu, kuwaka na kuzimika. Kidogo kidogo hazijui. Ebenyo akasimama mbele ya sanduku akitazama mkeka wa mama yake, akisema atatoboa, atakata. Mimi nikamwambia mkeka haukatwi, mkeka unafumuliwa. Unachomoa jani moja, mwanga unapita mahali pa jani moja. Kesho unachomoa mengine. Lakini vidole vyake ni vya spana na vyangu ni vya unga, na ule mkeka mkwe wangu aliufuma kwa roho mbaya, umekazana. Nilijua vidole vilipo.

Nikaenda kambini. Nyaruach alikuwa ameketi mlangoni na shuka jeupe mapajani, sindano mkononi, hashoni. Aliponiona uso wake ukafungika.

"Imekufa?"

"Hajafa. Ana njaa. Njoo na vidole vyako."

Njiani nilimweleza, na sijui kama alielewa yote, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikisimulia na kushangaa kwa wakati mmoja. Alielewa la mkeka. Alikaa juu ya kreti, akachomoa majani machache kwa ncha ya sindano, safi, bila kuuharibu mfumo. Vijistari vyembamba vya mwanga vikashuka ndani ya maji, kimoja kikaangukia mdomo wa chaza. Tukatazama. Hakuna kilichotokea, bila shaka, lakini tulitazama.

Baada ya hapo hakungoja Jumapili. Alikuja na mashuka yake akawa anadarizi kibandani kwangu, na kila baada ya siku kadhaa anaingia, anachomoa majani mengine. Mkeka ukawa kama wavu. Ebenyo alimwekea kiti kando ya sanduku na hakujificha tena. Mama mkwe alipokuja kuukagua mkeka wake alisema maneno nisiyoweza kuyarudia hapa. Alipoelezwa kwamba yule mnyama hula mwanga, aliuliza kama kuna namna ya kuwafundisha mbuzi.

Rangi ilirudi kutoka kwenye ukingo, sio katikati kama tulivyotarajia. Kwanza uzi mmoja wa buluu kando ya macho yale. Nyaruach ndiye aliyeuona. Alinivuta kutoka kwenye moto, nikadhani ni maneno tu ya mtu anayetaka kuona, kisha nikauona pia. Ilipofika mvua za Aprili, mkeka ulikuwa umebaki kamba chache na midomo ilikuwa imejaa tena hadi nje ya ganda. Siku moja Mzee Lopeyok aliingia kuazima nyundo, kivuli cha kofia yake kikapita juu ya maji, na chaza akajifunga chap. Mzee akasema, "Mmemchoma chuma, sio?" Tukamwambia ndiyo.

Nyaruach alilia siku hiyo, akicheka. Akasema, "Anakuja sasa. Mtaona." Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini.

Gatkuoth akaja. Hakukuwa na simu wala salamu ya kutangulia. Nilikuwa nakanda unga nikaona kivuli kirefu kimenifunika, nikainua macho, ni yeye, amekonda, viatu vya mtu mwingine miguuni. Nyaruach alikuwa ndani akipima chumvi pamoja na Ebenyo, maana siku hizo alishajifunza hata hiyo kazi. Gatkuoth aliinama mlangoni kama kawaida yake. Wakamwona. Nyaruach aliweka kipimo chini, akatazama nyuma ya mgongo wa ndugu yake, mlangoni, kama kuna mtu mwingine anayeingia. Nilikuwa mimi tu na mikono yangu ya unga.

"Mnyama wangu," Gatkuoth akamwambia Ebenyo, kama desturi inavyotaka.

"Huyu hapa. Aliugua, akapona. Mtazame."

Gatkuoth akasogea akatazama. Alitazama kwa muda mrefu ile buluu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya meza mbele ya dada yake. Ilikuwa bangili ya shaba, imelika upande wa ndani.

Sikuhitaji kuambiwa. Ile bangili haikuwa ya kutoka mkononi, hata kwa sabuni. Gatkuoth hakuacha dada yake aishi maisha yake yote akiuliza. Alimletea ngozi na masikio.

Nyaruach hakuigusa mara moja. Aliuliza kwa Kinuer, Gatkuoth akajibu maneno machache. Kisha akaichukua, akaisukuma mkononi mwake ikapita bila shida, maana yeye ni mwembamba. Alikaa kwenye kile kiti chake akalia, na ndugu yake akakaa sakafuni akaweka kichwa magotini pake. Mimi na Ebenyo tulisimama hatujui pa kuweka mikono yetu.

Baadaye, walipokwisha kunywa chai, Ebenyo akasema, "Amana yako nimekutunzia. Mkokoteni upo. Ukimtaka leo nitakusaidia kubeba."

Gatkuoth akatikisa kichwa. "Mwache akae," akasema. "Nimemweka hapa."

Nyaruach akanyanyuka. Akaenda kwenye sanduku, akapitisha mkono wake wenye bangili juu ya maji, na chaza akajifunga. Hakuuondoa mkono haraka. Kisha akaurudisha kifuani, akabaki amesimama, na sisi tukasimama naye, tunangoja afunguke.